Kitako cha Nguzo ya Kona

Nilivumilia vumbi. Nilivumilia mashine ya kukatia mawe inayoanza kulia kabla mtoto hajamaliza uji. Nilivumilia hata kuitwa "dada wa juu" na mtu anayenijua vizuri kwa jina. Lakini asubuhi ile nilishuka ngazi, mwanangu kiunoni, nikakuta mbele ya duka mdoli wa kuvalishia nguo amevikwa gauni la sendofu, la kumuagia bibi harusi, la rangi ya maziwa, shanga hadi kwapani, amesimama juu ya jiwe. Nikaliangalia lile jiwe. Nikaliangalia tena. Hapo uvumilivu ukaisha.

Jiwe nililijua. Lilikuwa na alama nyeusi ya kuungua, umbo la pasi kabisa, mahali ambapo wifi yangu zamani alitua pasi ya mkaa akaenda kusikiliza umbea wa jirani. Upande lilipokatwa, chokaa ilionekana tabaka juu ya tabaka kama kitunguu kilichopasuliwa. Lilikuwa pande la kitako cha nguzo yetu ya kona. Nguzo hiyo inabeba chumba changu. Na juu yake hasa, kwenye pembe ya chumba karibu na dirisha, ndipo mwanangu alipokuwa analala.

"Mshushe huyo," nikamwambia mwenye duka.

"Nani?"

"Mdoli wako. Mshushe kwenye jiwe letu."

Akacheka. Ni kijana wa rika langu, mtanashati, ananukia uturi toka asubuhi. "Dada wa juu, salamu kwanza. Mambo?"

"Si poa. Mshushe."

"Sasa dada, hili pande mafundi wamelitoa pale kwenye nguzo, lilikuwa linazagaa tu. Jiwe likae bila kazi, Kariakoo hii?"

"Lilikuwa na kazi."

"Kazi gani? Ule ni urembo wa kizamani."

Nikamhamishia mtoto kiuno cha pili. Kwa mkono uliobaki nikamkamata yule mdoli nyonga nikamvuta. Akaja mzima mzima, ila mkono mmoja ukachomoka ukabaki unaning'inia ndani ya shela. Vijana wa maguta, zile baiskeli za mizigo, waliokuwa wanapita na marobota wakasimama katikati ya barabara.

"Mwiteni bwana harusi! Mkewe anapigwa huku!"

"Muue kabisa dada!"

Mwanangu akapiga makofi. Mimi sikucheka. Nililikumbatia lile gauni kama mtu niliyemuokoa majini, kumbe nilichotaka ni kulitoa jiwe chini yake.

Nieleze kitako cha nguzo ni nini, maana nimegundua watu wengi wa mji huu wanapita mbele ya nguzo maisha yao yote bila kuangalia chini. Na mimi nataka waangalie.

Nyumba yetu iko Mchafukoge, upande ambao ukitembea kidogo tu umeshaingia kwenye makelele ya Kariakoo. Ni ya ghorofa moja, ya zamani, mawe ya matumbawe na chokaa. Alinunua babu yake mume wangu, akawaachia wanawe, na aliyekufa kati yao akawaachia watoto. Chini kuna baraza refu linalotazama barabara. Juu ya baraza kuna vyumba vya mbele, na vyumba hivyo vimebebwa na nguzo nne. Nguzo zenyewe nyembamba, nzuri, zimenyooka kama wasichana wa gwaride. Lakini nguzo haikai chini hivihivi. Kwanza kuna jiwe pana la mraba, limetulia ardhini kama mtu aliyeshiba. Juu ya mraba kuna duara nene lililobonyea kidogo. Nguzo inaanza hapo.

Lile duara, mtu yeyote aliyewahi kubeba maji anajua ni kitu gani. Ni kata. Unakunja khanga, unaizungusha, unaiweka utosini, halafu ndiyo unatwishwa ndoo. Bila kata ndoo inakula kichwa, maji yanamwagika, shingo inauma wiki nzima. Aliyejenga ile nyumba alielewa hivyo hivyo, ila yeye aliipindua: kata akaiweka chini, mzigo ukaja juu yake, na uzito wote wa vyumba, vitanda, makabati, watu na harusi zao ukamiminika kwenye nguzo nyembamba, ukafika kwenye kata, ukatandazwa kwenye jiwe pana, ardhi ikaupokea taratibu. Mimi nimeishia kidato cha nne na fizikia ilinishinda, lakini hili halihitaji cheti. Nikiangalia vile vitako nilikuwa nasikia raha shingoni.

Vina kazi nyingine. Masika yakikolea, mtaa wetu unageuka mto, maji meusi yanapanda barazani na kila uchafu wa soko. Nilikuwa nasimama ngazini nayatazama. Yanapanda kwenye mraba, yanafika chini ya kata, yanasimama hapo. Mvua ikiisha unaona mstari wa tope umezunguka jiwe, na juu yake nguzo kavu, nyeupe, kama mama aliyepandisha gauni akavuka dimbwi bila kulowa. Kila mwaka namshangaa upya yule mtu aliyepima urefu ule. Alikaa akayatazama maji kwanza, ndiyo akajenga.

Halafu kuna maguta na mikokoteni. Kona yetu ni kali, vijana wanaikata na marobota ya mitumba kutoka Mchikichini, na gurudumu linapokosea linakosea kwenye kitako. Kitako cha kona kina makovu kila upande. Nguzo yenyewe haina hata mkwaruzo. Ngumi zote zinaishia kwa aliye chini.

Na kuna hili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Urefu wa kile kitako unafika kifuani kwa mtoto anayeanza kusimama. Watoto wote wa nyumba ile wamesimama dede pale. Mume wangu alisimama pale, wifi zangu wote pale. Unamkalisha mtoto barazani, anatambaa hadi kwenye jiwe, anaweka viganja juu ya ile kata iliyolainishwa na makalio ya watu, anajivuta. Ile kingo ya duara inamtosha kiganja sawasawa. Mwanangu alipojiinua mara ya kwanza aligeuka akanitazama kwa mshangao mkubwa, kama vile jiwe ndilo limemnyanyua. Kusema kweli ndilo lilimnyanyua.

Mapenzi yangu kwa vitako hayakuanzia kwenye ndoa. Nikiwa shule ya msingi, Ilala, mwalimu wetu wa sanaa alitupeleka mjini kwa miguu kuichora ile sanamu ya askari wa shaba mwenye bunduki. Tukakaa kwenye kivuli ng'ambo ya barabara, kila mtu na karatasi yake. Wenzangu wakaanza na kofia. Mimi nikaanza na jiwe, kwa sababu ndilo lililokuwa mbele ya macho yangu: ngazi zake za chini, mraba wake mkubwa, michoro iliyobandikwa ubavuni, ukingo wa juu uliotokeza kidogo kama mdomo wa sinia. Nilichora kwa bidii hadi nikafika juu, nikakuta karatasi imeisha. Nafasi iliyobaki ilitosha buti mbili tu.

Mwalimu akaichukua, akaigeuza huku na huku. "Askari yuko wapi?"

"Yuko juu, mwalimu. Karatasi imeisha."

Darasa zima lilianguka kwa kicheko, na jina la Buti likanifuata hadi darasa la saba. Lakini niliendelea kuamini nilichora jambo la kweli. Ukimtoa yule askari juu ya jiwe lake ukamsimamisha pale chini kwenye lami, atakuwa mlinzi mmoja tu wa getini, bodaboda watampigia honi apishe. Jiwe ndilo linalokuambia simama, tazama juu. Lenyewe halisemi linaitwa nani, wala hakuna mtu anayepiga nalo picha. Linatembelewa na njiwa.

Toka hapo nikawa mtu wa kutazama chini. Nikipita mjini kwenye majengo ya zamani yanayoelekea bandarini nahesabu kwa raha vitako: vingine vina pembe nane, vingine vimechongwa mkunjo juu ya mkunjo kama shingo ya mtoto mnene. Nikipita kwenye maghorofa mapya ya Kariakoo, nguzo inashuka moja kwa moja na kuzama kwenye marumaru inayong'aa. Inanikumbusha mtu aliyevaa suruali ndefu iliyofunika miguu yote. Huwezi kujua kama amevaa viatu.

Nilipoolewa nikaletwa kwenye nyumba yenye nguzo nne barazani, nikaona Mungu ananitania kwa wema.

Nyumba ile ina utaratibu wake. Nguzo na kuta hupakwa rangi na fundi, pesa ikipatikana. Vitako havipakwi na fundi. Vinapakwa chokaa kwa mkono na wanawake wa nyumba, kuamkia Idi, kila mwanamke na chake. Bi harusi anayeingia hakabidhiwi funguo wala kabati. Idi yangu ya kwanza mama mkwe wangu aliniita barazani, akanipa brashi na kopo, akanyoosha kidole: "Kile cha kona ni chako." Basi. Hakueleza. Yeye mwenyewe akaenda kuinamia cha pili, ambacho amekuwa akikipaka toka alipokuwa bi harusi. Tulipaka pamoja kimya kimya, na nilipomaliza alikuja akaangalia kwenye mkunjo chini ya kata, mahali ambapo mvivu huruka. Akaona nimeingiza brashi hadi ndani. Akaguna. Kwa mama mkwe wangu, mguno ule ni hotuba.

Ni mwanamke wa maneno machache na wa amani kupita kiasi. Tangu aolewe kwenye ukoo ule, kazi yake imekuwa kuzuia watu wasigombane, na njia yake ni kusema "nimesikia" kwa kila mtu. Niseme tu, njia hiyo ilikuwa inanichoma.

Mwaka huu baba mkubwa, kaka yake marehemu baba mkwe wangu, yeye ndiye msimamizi wa mirathi na anaishi mbali nje ya mji, alipangisha baraza. Hatukuulizwa. Tulimwona tu kijana wa uturi anakuja na mita ya kupimia, anapima hewa tuliyokuwa tunakaa. Ukuta wa mbele ukapanda katikati ya nguzo, baraza likawa fremu ya duka, mageti ya kukunja yakafungwa. Nikanyamaza. Kariakoo kila baraza linaishia hivyo, na mpangaji naye ana watoto wa kulisha.

Tatizo likaja na marumaru. Kijana alitaka sakafu iende moja kwa moja hadi ukingo wa barabara, ing'ae kama ya maduka ya ghorofani. Marumaru ni ya mraba. Vitako vimetokeza, vina duara, vina mikunjo. Fundi akamwambia kukata marumaru kufuata duara ni kazi kubwa na itaonekana viraka. Rahisi kukata jiwe. Ndivyo walivyofikiri, na hapa mjini ndivyo wote wanafikiri: kama kitu kipya hakikai sawa kwenye cha zamani, cha zamani ndicho kina kosa. Wakaanza na kitako cha kona. Wakakata mbele, wakakata ubavuni, hadi jiwe likawa sawa na nguzo, wakabandika marumaru juu yake. Likapendeza kweli. Wapita njia walisifia.

Juu, chumbani kwangu, mlango ukaanza kugoma. Mwanzoni nikadhani unyevu. Kisha nikauona ufa, mwembamba kama unywele, umetoka pembe ya dirisha unashuka kuelekea kitanda cha mtoto. Nikaweka alama kwa penseli mahali ulipoishia. Baada ya siku kadhaa ufa ulikuwa umeipita penseli yangu.

Nilimwambia mwenye duka. Akasema nguzo ina nondo ndani, nisiwe na wasiwasi. Nondo! Nyumba ya chokaa na matumbawe. Nilimwambia fundi, akasema yeye anafuata bosi. Nikampigia mume wangu, dereva wa malori, alikuwa Tunduma kwenye foleni ya mpaka. Akasema zungumza na mama. Nikazungumza na mama.

"Nimesikia, mkwe wangu."

"Mama, tukamshtaki. Tuandike serikalini."

Akakunja khanga magotini. "Ukimshtaki mpangaji, umemshtaki aliyempangisha. Usinivunjie ukoo."

"Na nyumba ikivunjika?"

"Nimesikia," akasema, akainuka kwenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni.

Nikahamisha godoro la mtoto, nikalipeleka chumba cha nyuma kwa bibi yake. Bibi alisogeza tu vitu vyake ukutani apate nafasi. Wiki nzima nikaishi hivyo, nimebana meno, hadi asubuhi ile ya mdoli.

Sasa nirudi pale barabarani, nimekumbatia gauni la sendofu. Mwenye duka aliuchomoa mkono wa mdoli kwenye shela akaupangusa vumbi kwa upole, nikamwonea huruma kidogo, ikapita. Akasema, "Dada, wewe una hasira za nyumbani kwako unazileta dukani. Leo baada ya adhuhuri tunakata kitako cha pili, na sitaki fujo." Halafu akampigia baba mkubwa, akaweka sauti ya wazi, akaninyooshea simu.

"Shikamoo ba'mkubwa."

"Marahaba. Nasikia unampiga mpangaji wangu."

"Nimempiga mdoli, ba'mkubwa."

Vijana wa maguta wakaangua kicheko. Akasubiri wamalize.

"Binti, nyumba ile imesimama toka wewe hujazaliwa."

"Ndiyo nataka iendelee."

"Vile vya chini ni urembo tu. Fundi amesema."

"Basi karibu ulale pale pembeni ya dirisha, ba'mkubwa. Nitakutandikia shuka safi."

"Mpe simu mama yako."

Mama mkwe alikuwa ameshashuka, amesimama kwenye ngazi ya mwisho. Akapokea simu kwa mikono miwili. "Ndiyo, shemeji. Ndiyo. Nimesikia, shemeji." Akairudisha.

Nilimtazama, nikahisi machozi ya hasira. "Mama, umesikia nini?"

"Nimesikia." Akamchukua mjukuu wake kiunoni kwangu, akapanda juu.

Nikamlaza mdoli chini, nikaliburuta lile pande hadi chini ya ngazi zetu, nikapanda nyuma yake, nikapita moja kwa moja hadi chumbani, nikachomoa karatasi kwenye daftari na kalamu. Shuleni tulifundishwa barua ya kiserikali ina maneno yake ya kuanzia, yale ya "husika na kichwa cha habari hapo juu". Nikaona yatanipotezea karatasi, na mimi nina historia ya kuishiwa karatasi. Nikaanza na jambo lenyewe. Niliandika, nikafuta, nikaandika upya bila matusi. Adhana ya adhuhuri ikalia nikiwa naisafisha. Nikashuka mbio nikijua nimechelewa, nikisikilizia mashine.

Mashine ilikuwa kimya. Barazani kulikuwa na harufu ya mafuta ya moto.

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi juu ya kitako cha nguzo ya pili, mgongo umeegemea nguzo, miguu imefunikwa khanga vizuri. Mbele yake jiko la mkaa, juu ya jiko karai, ndani ya karai bagia zinageuka rangi. Mjukuu wake kamkalisha ubavuni na kipande cha muhogo. Fundi alisimama mbele yake, mashine mkononi, waya unaning'inia.

"Mama, shikamoo," fundi akasema, nadhani kwa mara ya tatu.

"Marahaba, mwanangu. Nikuwekee bagia?"

"Mama, tunaomba utupishe kidogo tukate hapo."

"Kateni."

"Tutakataje na wewe umekaa?"

"Mimi nafanya biashara. Nimeambiwa baraza hili siku hizi ni la biashara."

Wateja wa duka walianza kutoka kuangalia. Mmoja akanunua bagia. Kijana wa guta akapiga ukunga kutoka barabarani: "Mama, umekuwa sanamu ya taifa!"

"Sanamu haina mkono wa kupikia," akajibu bila kuinua macho. "Huyo mdoli jirani yangu, mkono wake mmoja umeshachomoka. Lete sahani."

Mtaa ulilipuka. Hata fundi alicheka, akaweka mashine chini, akapokea bagia kwenye kipande cha gazeti. Mwenye duka alijaribu kuwa mpole. Akachutama mbele yake, suruali yake nzuri karibu na masizi.

"Mama yangu, sasa utakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka mwanangu arudi kutoka ofisini."

Nilidhani anamsema mume wangu. Kisha akaniangalia mimi. Toka niolewe alikuwa ananiita mkwe.

"Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Mimi umeniandika?"

"Hapana. Sikutaka kukuingiza. Ulisema ukoo."

Akageuza bagia, akazitoa moja moja akazipanga ukingoni mwa karai zichuje mafuta. "Ukoo ulisimama dede hapa," akasema. "Niandike."

Nikapiga magoti sakafuni kwao inayong'aa. Nikaweka karatasi juu ya kingo ya kitako, pale ambapo khanga yake haikufunika. Jiwe lilikuwa na joto kutokana na jiko. Nikaongeza aya ya mwisho.

Ofisini, mtendaji wa kata alisoma kuanzia juu. Katikati alikunja uso. Mwisho alirudia kusoma, akanitazama juu ya miwani.

"Bado amekaa?"

"Bado."

Akavuta droo, akatafuta muhuri. Hii ndiyo barua aliyoigonga.

*

Kwa Mtendaji wa Kata.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUKATWA KITAKO CHA NGUZO INAYOBEBA CHUMBA CHA MTOTO

Mtendaji,

Mpangaji wa duka lililo chini ya nyumba yetu amekata kitako cha nguzo ya kona, mbele na ubavuni, ili marumaru zake zikae sawa. Nguzo hiyo inabeba chumba changu na cha mwanangu ambaye hajafikisha miaka miwili. Toka kikatwe, mlango wa chumba haufungi na ukuta una ufa unaorefuka. Nimeuwekea alama za penseli. Njoo uzione.

Mpangaji ameruhusiwa na msimamizi wa mirathi ya nyumba, ambaye ni baba mkubwa wa mume wangu. Namheshimu na nimemwamkia leo. Namlalamikia pia. Hakuangalia kabla ya kuruhusu, na hajaja kuangalia baada ya kuambiwa.

Wote wawili wanasema kitako ni urembo. Nakubali ni urembo. Ni kizuri kuliko kitu chochote kilichomo katika duka hilo. Lakini pia ndicho kinachopokea uzito wa nyumba na kuushusha ardhini, kinachozuia maji ya masika yasiile nguzo, na kinachogongwa na maguta badala ya nguzo. Kikiondolewa, kazi hizo hazifanywi na mtu.

Ninaomba mambo yafuatayo. Mkaguzi wa majengo aletwe leo. Nguzo ya kona iwekewe miti ya kuishikilia kabla ya mvua. Marumaru zilizofunika jiwe zibanduliwe. Pande lililokatwa, ambalo kwa sasa ninalo mimi chini ya ngazi zetu, lirudishwe mahali pake na fundi anayejua chokaa, kwa gharama ya aliyelikata. Vitako vingine visiguswe.

Mimi sina cheo katika nyumba hii. Nilikabidhiwa kitako cha kona nikipake chokaa kila Idi, na nimekipaka hadi kwenye mikunjo. Kwa hiyo hicho ninakidai kama changu.

Nyongeza: Kitako cha nguzo ya pili ni cha mama mkwe wangu. Kilipangwa kukatwa leo baada ya adhuhuri. Hakijakatwa kwa sababu ameketi juu yake anakaanga bagia. Ameniagiza nikuandikie kwamba hana ugomvi na mtu yeyote, na kwamba atabaki ameketi hapo mpaka ofisa wako afike. Ana mkaa wa kutosha.